Mpima Moyo na Mzigo wa Majani

Siku yangu ya kwanza kazini nilimhamisha mzee wa watu moyo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuajiriwa kama mhudumu katika hospitali moja mjini Moshi. Nikakabidhiwa mashine ya kupima umeme wa moyo, nikabana kibano cha mkono wa kulia kushoto na cha kushoto kulia. Mganga Mfawidhi, yaani daktari anayeongoza hospitali, akaitazama karatasi, akanitazama na mimi.

"Binti, moyo wa huyu mzee umehamia kulia lini?"

"Sijui, daktari. Shikamoo."

Akacheka, akanifundisha upya. Unamlaza mgonjwa, unafuta kifua kwa spiriti, unapaka dawa laini, halafu unabandika vile vikombe vya mpira vinavyonyonya ngozi. Mgonjwa atulie, maana akitetemeka mistari inachafuka.

Baadaye niliomba uhamisho kwenda kituo cha afya cha huku kwetu mlimani, Kilema. Muuguzi Mfawidhi alitia saini huku akinitania: "Wewe ungehamishiwa jikoni kwako ndiyo ungefurahi." Hakukosea. Mimi hata harusini huwa naulizia saa ya kurudi.

Korona ilipokuja nilikuwa nakaribia kustaafu. Wakaanza kuja watu waliokwisha kupona, hawana homa wala kikohozi, ila wakipanda mlima kidogo moyo unakimbia. Daktari wetu aliwaeleza kwamba virusi vinaweza kuvimbisha misuli ya moyo, na uvimbe ukabaki baada ya homa kwisha. Wengi hupona wakipumzika. Wengine hubaki na athari. Maelezo hayo niliyasikia mpaka nikayakariri.

Kisha nikaugua mimi.

Huku ng'ombe wanafugwa bandani, na majani yao tunayakata bondeni na kuyapandisha kichwani. Mtu aliyeugua huhesabiwa amepona siku anapoonekana na mzigo wa majani. Kabla ya hapo utaulizwa hali yako kila njia panda. Basi homa iliposhuka tu, mimi mpenda kukaa ndani nikaamua kuwa mchapakazi, nikashuka bondeni kukata majani. Moyo ukaruka, ukatulia, ukapiga kwa pupa. Nikajiambia ni uvivu wa kulala sana. Siku iliyofuata nikashuka tena bondeni.

Jirani yangu, Mama Aikande, alinikuta nimekaa juu ya mzigo kando ya mfereji, jasho linanitoka na baridi ile.

"Unapumzika au unakufa?" akauliza.

"Napumzika."

"Basi pumzikia hospitali."

Akanipeleka mjini. Safari hii nilibanwa vibano mimi, na kijana aliyenipima hakukosea mkono. Daktari alisoma karatasi, akanipiga na picha ya moyo, akasema polepole: "Mama, misuli ya moyo imevimba. Usibebe kitu, usipande mlima mpaka nikuruhusu. Ukiulazimisha, moyo unaweza kusimama ghafla."

Nikarudi nyumbani na vidonge. Ng'ombe wangu nikamwekesha kwa Mama Aikande kama desturi yetu ilivyo: mimi nabaki mwenye ng'ombe, yeye anapata maziwa na mbolea.

Sasa nimestaafu. Uvimbe umepungua, lakini moyo bado unaruka nikiharakisha, na daktari anasema huenda ukabaki hivyo. Vidonge nameza. Ninyi mnaoanza kazi hii, mkimpima mtu aliyetoka kuugua virusi, muulizeni amebeba nini wiki hiyo. Mimi nimekatazwa kazi na kuamriwa kukaa nyumbani, jambo nililolitamani maisha yangu yote, na bado kila asubuhi masikio yangu yako kwenye banda tupu.

Juzi Mama Aikande aliniletea maziwa. Nikamwambia, kama utani, kwamba najisikia vizuri, pengine ng'ombe arudi. Akaweka kibuyu chini, akasema:

"Ng'ombe akirudi utabeba majani. Ukibeba majani, tutakubeba wewe, na mimi mgongo unaniuma."