Kinanda cha Ogwedhi

Kwa miaka kumi na tisa Zablon Maranga aliendesha teleksi, mashine ya kutuma maandishi kwa waya, katika posta ya Migori, na kwa miaka hiyo yote hakuna mteja aliyeondoka bila kusimuliwa habari za Hughes. Mtu alikuja kupeleka ujumbe wa msiba, akatoka akijua kwamba mnamo 1855, huko Amerika, mwalimu wa muziki aitwaye David Hughes alibuni simu ya kuchapa herufi yenye vibao vyeupe na vyeusi, kama kinanda.

"Na hii yangu ni mjukuu wake," Zablon alimalizia, akiipapasa mashine ubavuni kama ng'ombe wa maziwa.

Mwaka 1997 faksi ikaingia. Zablon alipewa barua ya kustaafu, mashine ikapewa namba ya mnada. Kati ya hao wawili, ni mashine iliyopata mnunuzi.

Mnunuzi alikuwa kanisa la Wasabato la Ogwedhi. Mwalimu Mellen, kiongozi wa kwaya, aliwahi kupeleka ujumbe posta, na katika hadithi nzima alishika neno moja: kinanda. Kamati ikamtuma Mzee Nchagwa mnadani. Akalikagua sanduku la mashine jinsi anavyokagua fahali sokoni: akaligonga, akalisukuma, akaridhika na uzito.

Ijumaa asubuhi sanduku lilifunguliwa. Kufikia saa nne Zablon alikuwa ameitwa.

"Bwana Zablon," alisema Mzee Nchagwa, "hiki kinanda chako kinaandika."

"Ndiyo kazi yake, mzee."

"Mimi nilinunua cha kuimba!"

"Nilisema ni mjukuu wa kinanda."

"Babu yangu alikuwa mganga. Wewe ukiumwa utakuja kwangu?"

Mwalimu Mellen aliziba mdomo kwa leso, mabega yakicheka peke yao.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Jumapili mtu wa vyuma chakavu angepita na mkokoteni kuichukua mashine. Zablon akaitazama herufi A, iliyolika kwa miaka ya salamu na pole.

"Nipeni Sabato moja tu, mzee."

"Sabato hakuna kazi."

"Mimi sitafanya kazi. Itafanya yenyewe."

Kamati ilijadili jambo hilo kwa saa nzima, ikaona kwamba kuwasha mashine hakuna tofauti na kuwasha spika, na spika ilishasamehewa siku nyingi.

Zablon akaketi na ukanda wa karatasi. Kila herufi aliyobonyeza ilitoboa matundu yake, safu kwa safu, na baadaye mashine ingeyasoma na kuchapa bila mkono wa mtu. Alitoboa nyimbo tatu, ubeti kwa ubeti, akicheka mwenyewe kama aliyeficha kitu. Jua lilipogusa vilima na Sabato kuanza kuingia, alikuwa amemaliza na kuinua mikono.

Asubuhi ya Sabato jenereta ilinguruma, ukanda ukavutwa, na mashine ikaanza kutetema na kuchapa maneno ya wimbo kwa herufi kubwa, nakala tatu kwa mpigo. Kwaya hiyo ya watu thelathini ilikuwa na vitabu viwili. Karatasi zikapita mkono kwa mkono zikiwa bado na joto. Wakaimba ubeti wa kwanza.

*Ting!*

Teleksi ina kengele, ya kumwamsha karani aliyesinzia upande wa pili. Zablon alikuwa ametoboa alama yake mwanzoni mwa kila kiitikio, baada ya matundu yasiyochapa kitu, ya kuwasubiri waimbaji. Kwaya, ambayo siku zote iliingia kiitikioni kama ng'ombe wanavyofika mtoni, mmoja mmoja, iliingia yote pamoja. Wakashtuka kwa utamu wake hadi nusu yao wakaangua kicheko katikati ya Haleluya.

*Ting!* Watoto wakaruka. *Ting!* Akina mama wakapiga vigelegele. Kufikia ya nne Mzee Nchagwa alikuwa amesimama, fimbo ikigonga sakafu.

"Lakini mzee, ina noti moja tu," alinung'unika Walter, mwimbaji wa besi.

"Na wewe unazo ngapi?"

Zablon alitoka nje, akacheza peke yake nyuma ya kanisa, bila muziki.

Jumapili mtu wa vyuma chakavu alifika. Mzee Nchagwa alimkaribisha chai, akamketisha, akaanza kumsimulia habari za mwalimu mmoja wa muziki huko Amerika, tangu mwanzo. Yule mtu aliondoka adhuhuri, mkokoteni mtupu.