Kitambaa cha Drafti Kwenye Chasisi

Mume wangu alikuwa mwongo wa magari. Nyumbani hakunidanganya hata siku moja. Ukimtuma sukari na chenji ikapungua, alisema mwenyewe kabla hujafungua mkono. Lakini gari lililooza, akikaa nalo wiki moja gereji, lilitoka linang'aa, na mwenye gari akaenda kuliuza kwa mtu aliyeondoka akidhani ameokota dodo.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi, kupiga puti, ule uji mzito unaokauka ukawa mgumu kama bati, na kupaka rangi. Wenzake walimwita Kiraka, naye hakuona haya. Kila fundi puti ana siri yake ya kuziba matundu. Tundu la kidole, puti inajishika yenyewe. Tundu la ngumi linataka kitu cha kuishikilia. Wengine huweka wavu wa dirisha, wengine karatasi ya mfuko wa saruji. Yeye aliweka kitambaa. Alikilowesha gundi, akakibandika juu ya kutu, kikikauka anapaka puti, anapiga msasa, anapulizia rangi, kwisha habari. Na kitambaa kilitoka kwangu, maana mimi ni mshonaji. Kila Jumamosi alibeba mfuko wa mabaki yangu kwenda nao gereji.

"Vinafanya kazi gani huko?" nilimuuliza mara moja, mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Vinashika puti isidondoke."

Sikuuliza tena. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanionea huruma mahali nisipostahili.

Miaka ishirini na minne alivuta vumbi la msasa, puani amejifunga kitambaa, nacho changu pia. Kifua kikaanza kupiga filimbi. Kwanza alicheka, akasema amemeza redio. Baadaye akawa hawezi kupanda ngazi tatu za mlangoni kwetu bila kusimama ya pili. Daktari hakumzungusha. Alimwambia, "Mzee, chagua. Vumbi au pumzi." Akarudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni, akaniuliza mtu wa miaka hamsini na sita anaanza kazi gani.

Jibu alilipata mwenyewe. Alikuwa na leseni ya udereva, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimwahidi kazi: leta pikapu iliyopita ukaguzi, utanibebea saruji na nondo kila siku, vijana wangu wanapakia na kushusha, wewe unaendesha tu. Kukaa, kushika usukani, kupumua. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndoto yetu, wala haikuwa kubwa. Bila pikapu ilibidi arudi kwenye msasa, na kurudi kwenye msasa ni kufa. Tulijua wote wawili, hatukuhitaji kulitamka.

Pikapu aliipata nyuma ya mashine ya kusaga iliyofungwa. Ilikuwa imekaa miaka, majani yameota hadi ndani ya injini, taa moja haipo, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Mwenye mashine alikuwa mzee asiyeona vizuri, akataka tu eneo lake liwe wazi. Bei ilikuwa ndogo, lakini hata ndogo yenyewe ilitushinda. Nikauza cherehani changu. Mume wangu alipinga siku mbili, ya tatu akanyamaza, na mtu akiacha kupinga umeshajua anachotaka. Nilimwambia, "Ukianza kubeba saruji utaninunulia kingine." Akaapa.

Miezi saba aliifufua. Ringi za pistoni alinunua mpya, hizo hakuna namna. Vingine vyote viliokotwa. Rejeta ililehemiwa mara mbili. Mlango ulitoka kwenye gari jingine, ukagoma kufunga mpaka alipouchonga. Matairi manne yalikuwa na kashata, ile michoro ya kushika barabara, za aina nne. Viti nilivivalisha turubai mimi mwenyewe, kwa mkono, kwa sindano ya magunia, vidole vikatoka damu, huku nikimsema kwamba cherehani changu kingemaliza asubuhi moja.

Fundi injini, rafiki yake wa siku nyingi, alimwambia toka mwanzo, "Kiraka, anza chini. Tazama chasisi kwanza."

"Chini nitaingia mwishoni," akajibu.

Alianza na kinachoonekana. Alikuwa na makopo ya rangi yaliyobaki gereji, akachanganya nyekundu na ya udongo, akapata rangi moja nzuri ajabu, majirani wakaja kujipiga picha. Ni kosa ambalo fundi puti peke yake angelifanya: amezoea kwamba juu kukipendeza, kazi imekwisha. Lakini kulikuwa na sababu nyingine na mimi nilikuwa naiona kila siku. Akilala chali, kifua kilijifunga. Kuingia chini ya gari kwake kulikuwa ni kujizamisha. Basi akawa anaahirisha, leo kesho, leo kesho.

Ilibaki wiki moja kwenda ukaguzi alipoingia chini kufunga bomba la moshi. Ilikuwa saa nne asubuhi, mimi nafua. Nikasikia nyundo inagonga chuma, ngang, ngang, ngang, halafu ikagonga kitu kingine kisicholia. Kimya. Ikagonga tena palepale. Kimya kikawa kirefu hata nikadhani pumzi zimemkatikia, nikakimbia na mapovu mikononi.

"Mama watoto, hebu inama hapa," akaniita kutoka chini.

Nikalala ubavu kwenye vumbi. Upande wa abiria, palepale chini ya miguu ya anayekaa, chasisi ilikuwa imebomoka kipande cha urefu wa mkono. Haikuwa chuma. Ilikuwa puti, nene, imepakwa rangi nyeusi, na ndani ya puti kulikuwa na kitambaa. Alikivuta kikatoka nusu. Kilikuwa cha drafti, buluu na nyeupe.

Nilikishona kitambaa kile. Lilikuwa gauni la binti yetu la siku ya kwanza ya shule, na mabaki yake yaliingia kwenye mfuko wa Jumamosi. Binti huyo sasa ameolewa mbali.

"Ni mkono wangu," mume wangu akasema. "Nimekumbuka sasa, magari yalikuwa mengi. Yule mwenye mashine aliileta ana haraka, nikamwambia itashika mwaka mmoja, auze kabla haujaisha." Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe hakuuza. Amekaa nayo mwenyewe, na mkewe hapa upande huu, kwenda na kurudi. Sikuwahi kuwaza nani anakaa hapa."

Nilipandwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena. Nilitaka kumpiga na ile nyundo. Kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mwenyewe! Kuuza cherehani changu kununua uongo aliouuza yeye! Nilimwambia yote hayo, amelala chini ya gari, hana pa kukimbilia.

Fundi wa kulehemu alikuja, akapima, akatikisa kichwa. Kuoza kumekwenda mpaka mbele, akasema, hapa hakuna pa kushikia moto, inatakiwa chasisi nyingine nzima. Hatukuwa hata na hela ya robo ya chasisi nyingine. Mume wangu akarudi ndani akalala akiwa ameuelekea ukuta. Siku mbili. Ya tatu asubuhi akaja jikoni, akasimama mlangoni, akaniuliza bila kunitazama.

"Una kitambaa?"

Mabaki sikuwa nayo tena, mshonaji asiye na cherehani hana mabaki. Nilikuwa na gauni langu la kijani, la kutokea, refu hadi chini. Nilichukua mkasi nikakata pindo lote, kuzunguka, nikampa. Hakunishurutisha. Aliomba, nikakata.

"Saruji haitabeba," akasema. "Na wewe hupandi humo, wala mimi. Ikipita ukaguzi tunaiuza."

"Na atakayenunua?"

"Tutampata asiyebeba vizito."

Ikapita. Mkaguzi alizunguka, akasifia rangi, akagonga hapa na pale kwa kidole. Wiki ile ile akaja fundi bomba, kijana mpole, anatafuta gari la kubebea mipira ya maji na sinki. Alikuja na mkewe, ana mimba kubwa. Walizunguka pikapu mara tatu wakicheka. Mke akafungua mlango wa abiria, akapanda kwa shida, akaweka miguu sakafuni, akapiga ngumi kiti nilichokishona.

"Mume wangu, hapa ndipo pangu," akasema.

Mume wangu alinitazama. Alikuwa ananiachia mimi niseme. Nilijua hivyo wakati ule ule, sikuhitaji kufikiri baadaye. Nikaangalia kifua chake kinavyopanda na kushuka, nikafikiria dawa, nikafikiria cherehani. Nikamwambia yule mke, "Utakaa raha, mwanangu. Viti nimeshona kwa mkono wangu."

Basi, tukala hela. Cherehani changu kilikuwa bado dukani kwa aliyekinunua, nikakikomboa kwa bei ya juu. Iliyobaki ilikwenda kwenye dawa, kisha kwenye mtungi wa hewa wa kukodi. Mume wangu hakurudi kwenye msasa, ilikuwa imeshachelewa. Alikaa dirishani miezi tisa. Kila pikapu ikipita barabarani alishika pindo la pazia, asifunue, akasikiliza mpaka ipotee. Sikumuuliza anasikiliza nini. Siku mbili za mwisho alikata kauli, akawa ananyoosha kidole chini, sakafuni. Binti yetu, aliyekuja kumuuguza, alidhani anataka viatu, akamvalisha. Mimi nilijua anaonyesha sakafu ya wapi.

Siku ya maziko hatukuwa na gari. Tukiwa tunahangaika, fundi bomba akatokea, amevaa shati jeupe, ameiosha pikapu mpaka inaonesha sura. Mkewe alikuwa amekaa mbele, mtoto mapajani.

"Mama, pole sana," akanishika mikono yote miwili. "Gari hili ni kazi ya mzee. Halijanisumbua hata siku moja. Mtu mwingine asimbebe, tutambeba sisi, bure."

Wangapi wamewahi kutendewa wema wakatamani ardhi ipasuke? Jeneza likapakiwa nyuma, wanaume wanne pembeni yake. Mkewe akanipisha, akafuata na watu wa miguu. Nikapanda palepale pa abiria. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani, sina jingine la kutokea, linaishia chini kidogo ya goti. Tulipopita kwenye shimo la kwanza nilisikia kitu kinachezacheza chini ya nyayo zangu. La pili, kikalia. Mume wangu alikuwa nyuma yangu anatikiswa na barabara, na mimi nimepandisha miguu juu, nimekumbatia magoti, fundi bomba akadhani ni uchungu. Akaniambia jikaze, mama.

Tulimzika. Watu wakaanza kutawanyika. Nikageuka, nikamwona yule mke amefungua mlango, amemgeuzia mtoto kifuani, mguu mmoja umeshaingia.

"Shuka!"

Nilipiga kelele ambayo makaburini haipigwi. Watu wote wakageuka. Binti yangu akaja kunishika, akidhani nimerukwa na akili. Nikamsukuma, nikaenda nikamshusha yule msichana kwa mkono wangu. Nikamwambia mumewe, "Chukua bisibisi. Ingia chini, upande huu, uchome."

"Mama, una nini?"

"Choma, nimekwambia."

Akalala kwenye udongo na shati lake jeupe. Haikuhitaji nguvu. Tulisikia vipande vya puti vinadondoka. Akatoka, mkononi ameshika kitambaa kimekakamaa kwa gundi, lakini rangi ilikuwa inaonekana bado. Akakitazama. Akalitazama gauni langu, pale pindo lilipokatwa.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema taratibu tu, kama mtu anayeeleza jambo kwa asiyelijua.

"Mama, mke wangu hukaa hapa. Na mtoto."

"Najua," nikamjibu. "Tulimwona akikaa."

Walirudi kwa miguu, wote watatu. Pikapu ilibaki makaburini siku nne, nyekundu, inang'aa, hadi wanunua vyuma chakavu walipokuja kuikata. Jumatatu fundi bomba alikuja kwangu na mkokoteni, maana nilimtumia neno kwamba hela yake iliyobaki ni cherehani. Hakubisha hodi, alisimama uani akasubiri. Nilikuwa nimeshaifuta vumbi meza, nimeshatoa uzi na sindano. Nikashika cherehani upande mmoja, yeye mwingine, tukakipandisha, nikamshikia kamba akafunga.