Ng'ombe Wasiohesabika

Miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa kidato cha tano Isiolo, msichana pekee katika darasa la hesabu. Siku za wazazi kututembelea, wenzangu wa mjini waliletewa chapati na kuku. Mimi nilijilalia bwenini. Baba alikuwa upande wa Biliqo na ng'ombe, na ng'ombe hawana likizo. Nilikuwa mpweke mno. Nilimwomba Mungu amlete Baba karibu, nikaomba mpaka nikaona haya.

Mwalimu wetu, mtu wa Meru, alipofika kwenye asimtoti mlalo, mstari ambao mchoro unausogelea bila kuufikia, aliandika ubaoni: juu 2x + 7, chini x + 3. Mchoro wake unaelekea wapi x ikizidi kukua? Sikuelewa, naye akanigeukia.

"Tuseme x ni ng'ombe ya baba yako. Ako na ngapi?"

Kwetu mifugo haitajwi kwa idadi, ni kuitafutia balaa. Akauliza tena kwa sauti, akidhani kichwa changu ni kizito.

"Haya basi, ni nyingi sana, hazihesabiki!" akajijibu mwenyewe.

Hapo nikaelewa kuliko darasa zima. Ng'ombe wakiwa hawahesabiki, saba na tatu ni kitu gani? Unaziacha. Inabaki 2x juu ya x, yaani mbili, na mchoro unausogelea mstari uliolala penye mbili. Siku hiyo nilijiona mjanja sana.

Kisha mvua ikakosekana. Habari za Biliqo zilikuja mbaya, nami nikaogopa jambo moja: karo yangu ilitoka zizini, ng'ombe wakiisha na shule imeisha. Asubuhi moja Baba akafika langoni, amekonda.

"Salaam aleikum, Abba. Ng'ombe wako salama?"

"Salama," akajibu, kama desturi inavyopasa.

Tukakaa chini. Aliuliza ninasoma nini, nikamchorea mchangani ile hesabu na kumweleza habari ya ng'ombe wasiohesabika. Akaigusa ile x kwa kidole.

"Na kama hakuna hata mmoja?"

Nikamwonyesha namba mchangani. "Basi zinabaki hizi, saba na tatu. Zile tulizoziacha."

"Zinabaki," akasema. Akainuka, akakung'uta shuka lake. "Rudi darasani. Nimepata kazi ya kulinda duka hapa mjini. Utasoma. Tutaonana kila Ijumaa."

Nilirudi darasani nikilia mbele ya watu. Nilikuwa nimepewa nilichoomba, na ningekirudisha siku hiyo hiyo kama ningejua pa kukirudisha.