Mke Niliyemwandika Marehemu

Mwandiko wangu ndio ulioniingiza katika nyumba ya yule mzee. Nilikuwa mlinzi wa geti kwenye nyumba za wastaafu, juu ya kilima kilicho nyuma ya Malvern, mtaa wa Johannesburg, mahali ambapo ukisimama asubuhi unayaona mabati ya Jules Street yote mpaka mjini. Kazi yangu ilikuwa kufungua, kufunga, na kuandika daftarini kila gari linaloingia. Baba yangu alikuwa katekista huko Uvira, Kongo, na kuandika alinifundisha kwa fimbo. Herufi zangu zinalala zote upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo.

Mzee wa nyumba ya mwisho, Mzungu wa miaka themanini na zaidi, alikuja siku moja na kioo chake cha kukuzia maandishi, akataka kujua fundi wa mabomba aliingia saa ngapi. Aliinama juu ya daftari kwa muda mrefu kuliko swali lake lilivyohitaji. Akaniuliza nani alinifundisha kuandika. Nikamweleza, nikaongeza kwamba kabla ya kuvaa sare ile nilikuwa mwalimu wa historia. Tangu siku hiyo akaniita Mwalimu, na mimi nikamwita Mzee. Tulizungumza Kiingereza, lakini maneno hayo mawili aliyajua kwa Kiswahili na aliyapenda.

Alichotaka ni hiki. Macho yake yalikuwa yanazimika, na alitaka historia ya ukoo wake iandikwe kwa mkono katika kitabu kikubwa cha jalada gumu, kabla hajashindwa kabisa kuona. Wajukuu wake walikuwa Australia na Kanada. Walikwenda huko kutafuta maisha, na sikumsikia hata mara moja akiwaita wakimbizi. Basi siku zangu za mapumziko nikawa nakaa mezani kwake, namsomea makaratasi, yeye ananiambia cha kuandika, mimi naandika.

Ukoo ulianza na mume na mke waliokuwa wakulima katikati ya Marekani, katika nchi ya mahindi na theluji, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mume alikuwa babu wa baba yake Mzee. Chini ya shamba lao kulikuwa na madini ya risasi. Kiangazi walilima, na majira ya baridi, ardhi ikishakuwa ngumu kama jiwe, walichimba. Mume alishuka shimoni kwa kamba, mke akabaki juu kuzungusha gurudumu la kuvutia ndoo. Mzee hakuelewa sehemu hiyo, nikamweleza. Kwetu, miezi ambayo serikali haikutulipa mishahara, walimu tulikuwa tunakwenda kuchimba dhahabu milimani. Nilimwambia kwamba anayeshika kamba juu ndiye anayeshika roho yako, na ndiyo maana mchimbaji mwenye akili hamkabidhi kamba mtu asiyempenda. Akasema niandike hivyohivyo, na nikaandika.

Sikumwambia kwamba kamba yangu aliishika mke wangu. Alikuwa na ujauzito wa mtoto wetu wa pili. Alikuwa akiacha muhogo wake shambani, anapanda mlima na kipande cha kitambaa amejifunga viganjani.

Hadithi iliyosimuliwa katika ukoo wa Mzee ilikuwa fupi. Bei ya risasi ilianguka, habari za dhahabu ya Johannesburg zikafika, mume na mke wakauza shamba wakapanda meli pamoja. Ukutani kulikuwa na picha yao, mume ameketi, mke amesimama na mkono begani mwa mumewe. Mwanamke mwembamba, mwenye kidevu kilichochongoka na macho ya mtu asiyependa kupigwa picha. Mzee alikua akiambiwa kwamba ujasiri wote wa ukoo ulitoka kwa yule mwanamke.

Kisha ikaja bahasha kutoka Marekani. Bibi mmoja kule, mstaafu, naye alikuwa anatafuta ukoo wake, na uchunguzi wake ulimfikisha kwa mume yuleyule. Aliweka ndani nakala za barua, karatasi za sensa, na picha. Mzee aliniambia nianze na picha. Nilikuta mwanamke mnene wa uso, mabega mapana, mikono mikubwa imelala juu ya aproni. Nyuma ya picha kulikuwa na jina la mke, lilelile tulilokwisha kuliandika ukurasa wa kwanza.

"Anafanana na wa ukutani?" aliuliza Mzee.

"Hafanani," nikasema. "Huyu ni mtu mwingine."

Akaniambia nisome barua.

Zilikuwa saba, nakala ambazo mke alijibakizia kila alipotuma barua. Mke yule hakuwahi kuondoka. Mume alisema anakwenda kwa miaka miwili, akamwacha na watoto watatu na shimo. Barua za kwanza zilikuwa za mtu anayetoa taarifa kwa mwenye nyumba: ng'ombe amezaa, maji yameingia shimoni, mtoto wa kati ameugua koo lakini ametulia. Alimweleza amehamishia wapi uzio. Ya tano aliuliza kama anwani bado ni ileile. Ya mwisho hakumwandikia mume, alimwandikia mchungaji wa kanisa fulani huku Johannesburg, akamwomba amjulishe kwa upole kama mume wake amekufa, kwa sababu watu wanamuuliza na hana la kuwajibu.

Mchungaji hakumjibu, au jibu halikuhifadhiwa. Katika karatasi ya sensa iliyofuata, jina la mke limeandikwa kama mkuu wa kaya, mkulima, na kwenye nafasi ya ndoa ameandikwa mjane. Wakati huo mume alikuwa hai, kilomita chache kutoka meza tuliyokaa, na tayari alikuwa na mtoto na yule mwanamke wa ukutani.

Nilisoma yote hayo kwa sauti ya darasani.

Inabidi niseme hapa kwa nini barua hizo zilinigusa. Nilipoondoka Uvira nilimwambia mke wangu mwaka mmoja. Nilimwachia watoto wawili, shamba la muhogo na bomba la maji lililohitaji kutengenezwa. Miaka miwili ya kwanza nilipiga simu. Halafu nikakutana na mwanamke wa Kirundi anayesuka nywele katika duka moja mtaa wa Doornfontein, mtu wa utaratibu na wa kanisa, ambaye hangekubali kuishi na mume wa mtu. Padri wa parokia yetu ya mjini alitaka ushahidi kwamba niko huru. Nikala kiapo kwamba mke wangu alifariki vitani. Nilimwandikia na maelezo, ukurasa mzima, kwa mwandiko huuhuu. Padri aliusifu. Alisema siku hizi watu hawaandiki hivyo.

Juma lililofuata hatukuandika kitu. Nilipoitwa tena nilimkuta amevaa tai, ameketi wima.

"Andika kwamba mke wa kwanza alifariki kabla mume hajasafiri," alisema.

"Hakufariki, Mzee."

"Najua. Andika."

Nikauliza kwa nini, ingawa mimi ndiye mtu wa mwisho katika mji huu mwenye haki ya kuuliza. Hakukasirika. Aliniambia kwamba akimwacha yule mwanamke hai katika kitabu, basi yule wa ukutani hakuwa mke, babu yake alikuwa mwana wa haramu, na wajukuu wake walio mbali, ambao hawana kitu kingine cha nchi hii isipokuwa kitabu hiki, watajua kwamba ukoo wao ulianza na mtu aliyetoroka. Alisema wote wamekufa na hakuna atakayeumia. Alisema hayo kwa utulivu wa mtu aliyekesha akiyapanga, na kila hoja niliitambua, maana nilikwisha kuitumia.

Nikaandika. Ilikuwa sentensi moja, na sikukosea hata herufi.

Aliponiuliza kuhusu barua nikamwambia ni zake, afanye atakavyo. Alizitia kwenye droo. Sijui alizifanyia nini.

Siku hiyo sikupanda teksi. Nilishuka kwa miguu mpaka Jules Street, nikanunua muda wa maongezi kwenye spaza, kiduka cha mtaani, nikakaa kwenye ngazi za duka la vitanda lililofungwa. Namba ya mke wangu wa Uvira niliipata zamani kwa mtu wa kwetu anayeuza vitenge mjini. Nilikuwa nayo miaka minne bila kuipiga. Ilikuwa alasiri, wanafunzi wanarudi, na nilimsikia anaitikia kwa sauti ya mtu aliye nje, shambani au sokoni.

"Ni nani?"

"Ni mimi. Baba wa watoto."

Nilisikia kuku, na mtu akimwita, naye akamwambia ngoja.

"Baba wa watoto tulishamlilia," alisema. "Tulikaa matanga. Watu walikuja, wakala, wakaenda."

Nikamwambia niko hai. Akasema hilo alilijua. Walikuja watu wawili tofauti kumwambia kwamba nimeoa, mmoja alimletea hata picha. Nilipomuuliza kwa nini basi alikaa matanga, alinijibu polepole, kama anayemfafanulia mtoto.

"Kungoja hakuna mwisho. Matanga yana siku zake, yanaisha."

Alinyoa nywele, akavaa nguo za msiba, akazivua siku ilipofika. Kaka zangu walitaka shamba, akawashinda kwa mzee wa mtaa. Binti yetu yuko Bujumbura, anasomea uuguzi. Kijana ni fundi wa pikipiki. Alinipa habari hizo bila mimi kuuliza, kama mtu anayelipa salamu, kisha akaniomba nisipige tena kwa sababu watoto wana amani. Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Mzee alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Jamaa zake walikuja kutoka nje, wakafanya ibada fupi bustanini, chini ya dirisha la nyumba ile. Mimi nilikuwa zamu. Nilisimama getini na sare yangu, kama hatua thelathini kutoka kwenye viti. Mjukuu wake mmoja, kijana mrefu mwenye lafudhi ya huko alikokulia, alifungua kitabu kikubwa akasoma mwanzo wa ukoo. Alisoma habari za shimo na ndoo. Alisoma maneno yangu kuhusu anayeshika kamba, na nikaona mwanamke mmoja akijifuta macho. Kisha akasoma kwamba mke huyo mpendwa alifariki, na kwamba mume, akiwa na huzuni, alipanda meli kwenda kuanza upya. "Akiwa na huzuni" sikuandika mimi. Kijana aliyaongeza mwenyewe, akisoma, kwa sababu ilionekana ni lazima iwe hivyo.

Baadaye mama yake alinifuata getini kunishukuru. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema bila mimi wasingejua walikotoka.

Nilirudi Doornfontein nikiwa nimeamua. Mke wangu wa pili alikuwa peke yake dukani, anafagia nywele za bandia. Watoto wetu walikuwa ghorofani, wanatazama televisheni na kubishana kwa Kizulu. Nilimwambia akae. Nilimweleza kila kitu, kuanzia kiapo mpaka simu, nikitazama ufagio. Nilitegemea kilio, au kwamba angesema alijua siku zote, kama yule wa Uvira. Hakujua.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo, na ilikuwa kwenye kioo ndipo nilipoona uso wake.

"Mimi ninamwombea misa," alisema.

Sikuelewa. Akanieleza kwamba kila mwaka, tangu tuoane, mwezi wa Novemba anapeleka jina la mke wangu kwa padri lisomwe pamoja na majina ya wafu wa parokia. Hakuniambia kwa sababu hakutaka kunitonesha kidonda. Aliona ni deni lake kwa marehemu, kwa kuwa anakula katika sahani yake.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Nimemwombea raha ya milele mtu anayelima."

Nikajaribu kumshika bega, akasogea. Aliniuliza kama mwenzake ni mzima wa afya. Nikasema nadhani ni mzima. Akaniuliza kama binti yule wa Bujumbura anafahamu Kirundi, na hilo sikulijua.

Hakuondoka. Watu wa kwetu hudhani mtu akiambiwa jambo kama hili lazima aondoke, lakini kuna kodi, kuna shule, na watoto wana jina langu. Tunaishi. Ananipakulia chakula, ananijibu ninapouliza. Kwa padri alikwenda mwenyewe, bila mimi, akalitoa lile jina kwenye orodha ya wafu. Alichomwambia zaidi ya hapo sikukijua, na padri hajaniita.

Ila Jumapili, watu wanapopanga mstari kwenda kukomunika, yeye haendi tena, maana anayeishi na mume wa mtu hapokei. Anabaki kwenye benchi, anavuta magoti pembeni ili wengine wapite, na binti yetu mdogo, atakayepokea mwaka huu komunyo ya kwanza, humuuliza mama yake kwa Kiingereza kwa nini hapangi mstari. Mama yake humwambia atazame mbele. Mimi nami nimeketi, upande wa pili wa mtoto, na hakuna anayeniuliza.