Kura ya Wifi Yangu Ndani ya Bahasha

Nakumbuka Jumapili moja ya mvua, mwanangu, ukumbini Matonge, huku Ulaya, siku ambayo wifi yangu Béatrice aliulizwa yeye ni wa nani.

Chama chetu cha watu wa Likasi, mji wetu wa nyumbani, kilikuwa kinachagua mwenyekiti. Kaka yangu alikuwa ameshafariki, na Béatrice, mjane wake, alikuja moja kwa moja kutoka kazini Jette, bado amevaa viatu vyeupe vya hospitali alikohudumia wagonjwa. Alizaliwa Bukavu, si Likasi. Sisi ndio tuliomwoa, tukala ugali wake miaka yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwao ni wapi. Siku hiyo, aliponyoosha mkono apokee karatasi ya kura, katibu wetu Dieudonné, kijana wa wakati ule (ulimi hauna mfupa, mwanangu), akasema mbele ya watu wote:

"Bwana yake alikufa. Donc, basi, huyu mama haiko tena wa kwetu."

Mimi nililia palepale, wala sikuona haya.

Papa Kalenga, mzee aliyelinda sanduku la kura, akamkemea. "Wee Dieudonné, uko na hakika? Hauna. Bon. Mama achague. Karatasi yake tutaikunja, tutaifunga mu enveloppe, jina yake iandikwe inje. Comité itasoma sheria yetu. Ikisema ana haki, tutaitoa bila kuikunjua, tutaiingiza mu sanduku pamoja na za bengine. Ikisema hapana, itabakia ya kufungwa. Na sanduku tusiifungue mpaka jibu ifike."

Ile ndiyo busara. Kura ikishaingia sandukuni haina jina, huwezi kuitafuta tena uitoe. Maji yakimwagika hayazoleki. Na mtu ukimfukuza mlangoni, hata kama ana haki, uchaguzi umeshampita. Bahasha inatupa muda wa kuuliza, na kuuliza si ujinga.

Jumapili iliyofuata jibu likaja: mjane ni wetu mpaka aolewe tena. Kura yake ikaingia pamoja na nyingine. Nilikimbia hadi nyumbani kwake Saint-Gilles kumpa habari, nikamkuta anapiga pasi. Hakuiweka pasi chini.

"Kura yangu mumeihesabu, wifi. Aksanti. Na miye mwenyewe, mutanihesabu lini?"

Hakurudi chamani. Alipofariki, watu wa Bukavu ndio waliobeba jeneza. Sisi tulisimama nyuma, na Dieudonné, mvi zimeshamjaa, hakuthubutu hata kurusha udongo. Roho inaniuma hadi leo.

Mwanangu, Jumapili hii ni wewe utakayelinda sanduku. Ukimtilia mtu shaka, mvute pembeni, mpe kiti, mweleze polepole. Kura yake iweke kando mpaka ukweli ujulikane, lakini yeye mwenyewe usimweke kando. Mungu akupe jicho la kuona haki na ulimi wa kuitamka bila kuumiza. Na siku ya msiba wako, wanaokupenda wasisimame nyuma.