Mutua Aliyeshika Simu za Marehemu

Nimeandika "marehemu Mutua" nikafuta, nikaandika tena, na bado siamini. Woi. Jana asubuhi alikuwa anamwagilia sukuma nyuma ya nyumba yake Kangundo, akashika kifua, akaanguka. Mwende, bibi yake, alipomfikia alikuwa ameshaenda.

Kwa wenye hawakumjua: mimi na yeye tulikuwa kazi moja hapa Machakos, kuchunguza vifo. Ajali ikitokea, ama mtu apatikane amekufa kwa nyumba, tunaitwa sisi.

Kuna kitu hawakuambii kwa training. Mtu ameshakufa lakini simu yake bado inalia mfukoni. Unaona tu kwa screen: "Mum." Inakata, inalia tena.

Sisi wengine tulikuwa tunaiacha ilie. Mutua alikuwa anashika. "Mama, naitwa Mutua. Uko na mtu hapo karibu? Keti kwanza."

Nilimwambia, wewe, hiyo si kazi yako, wachia polisi. Akaniuliza, "Na wewe ungetaka mwaitu wako, mama aliyekuzaa, ajulie Facebook?"

Ile ajali ya Kithimani alishika simu moja baada ya nyingine mpaka sauti ikamwishia. Kesho yake akaja kazini akitaniana na watu. Huyo jamaa alikuwa na mdomo! Akikupata na chapati, humalizi peke yako.

Halafu ikaanza polepole. Simu ikilia ofisini anatetemeka, jasho linamtoka. Nyumbani Mwende alizima simu yake mwenyewe, akaificha kwa mtungi wa unga.

Siku moja soko ya Masii simu ya mama mboga ililia. Mutua akakaa chini kwa vumbi, akalia. Watu wakasema amelewa. Aki Mutua hakuwa anaonja hata tone!

Daktari alisema ni kazi imemfanya hivyo. Mutua akaomba compensation, alipwe kwa kuumizwa na kazi. Wale wa kuamua wakamuuliza ameumia wapi, mbona mikono na miguu iko sawa. Mmoja akasema simu haiumizi mtu. Wakamkatalia. Ile hasira niliona siku hiyo, niko nayo mpaka leo.

Sasa amekufa, na Mwende anaambiwa ati ni pressure tu, kazi haihusiki. Yaani watoto wake wakue wakijua baba yao alikuwa mdhaifu? Hapana. Hiyo nakataa kabisa.

Rufaa ya hiyo compensation bado iko, na Mwende amesema ataifuata. Boss ameniita, akaniambia nisijiingize kama napenda kazi yangu. Naipenda, boss, na najua unasoma hapa.

Lakini tangu Mutua atoke kazini kwa huo ugonjwa, hizo simu za marehemu nazishika mimi. Juzi msichana wangu alinipigia kutoka shule, nikakaa nayo mkononi nikashindwa kushika. Ikalia mpaka akachoka. Sijawahi kumwambia mtu. Siku ya rufaa nitaenda kuwaambia hivyo mbele yao, kwa jina langu.

Lala, Mutua. Hii kesi sasa ni yangu pia.