Sahihi ya Tatu

Godelieve Smulders wa Eindhoven alikuwa mtunza ufunguo, ile siri ya kidijitali ya kutia sahihi. Kampuni yao ilitengeneza mitambo ya malango ya mifereji, na hakuna lango lililopokea maagizo mapya bila sahihi ya mashine iliyokaa chumbani kwake. Sahihi hizo zilijengwa kwa hashi, kinu kinachosaga faili lolote likawa namba ndefu; na unga haurudi kuwa punje. Hata kompyuta za kwantamu, zinazotia watu hofu, hazikutarajiwa kukiweza kinu hicho. Sharti lilikuwa moja: kila sahihi na namba yake ya mfululizo, na namba ikishatumika, basi. Ukiirudia kwa faili jingine, umemwachia mwizi vipande vya kukughushi.

Mashine ilihesabu yenyewe. Godelieve naye, kwa miaka tisa, aliandika kila namba daftarini kwa kalamu.

"Bibi Daftari!" mhandisi mwenzake, Joost, alimtania. "Mashine haisahau, mama."

"Nami sisahau. Tuko wawili."

Jumanne moja ya Novemba, ukungu umeziba madirisha, mashine ilimpa namba ya kutumia: 4113. Akashusha kalamu, akaganda. Mstari wa 4113 ulikuwa umejaa, mwandiko wake mwenyewe, wa Alhamisi. Mashine ilikuwa imetulia, kana kwamba Alhamisi haikuwahi kuwapo.

"Joost! Nani kaigusa hii?"

"Mafundi walibadilisha diski Jumamosi. Wakarudisha nakala ya akiba ya Jumatano, hesabu na yote." Akasita. "Halafu jana, ulipokwenda kwa daktari wa meno, nilisaini moja."

"Namba ngapi?"

"Sikuangalia."

"4112. Niliitumia Alhamisi asubuhi. Sahihi zote mbili zimeshatumwa malangoni?"

Joost aliitikia kwa kichwa. Utani ulikuwa umemwisha.

Waliua ufunguo siku ileile, na mashine ikasagwa. Wiki tatu mafundi walizunguka lango kwa lango wakiweka ufunguo mpya kwa mikono yao.

Wiki ya tano, lango dogo karibu na Den Bosch lilikataa maagizo: yalisainiwa kwa ufunguo uliokufa. Joost akayapima kwa kipimo cha zamani, cha ule ufunguo uliokufa. Sahihi ilikuwa halali, namba 4112. Faili liliamuru lango lifunguke, libaki wazi.

"Si yako hii?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Si yangu."

"Wala yangu, Lieve. Wallahi."

Aliyeiandika hajajulikana hadi leo. Godelieve aliitazama mpaka kahawa ikapoa mkononi. Haikuwa na kasoro hata moja. Januari aliomba kuhamishiwa ghalani, kusiko na cha kusaini, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.